Udongo wa Mtoto Asiyetajwa

Jumapili moja baada ya kanisa, Baba alimwita Mama kwa jina nisilolijua. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, pale anapopata jua, naye Mama yuko nyuma ya pazia akichemsha chai. "Mama Fulani," akaita, "niletee maji." Nasema Fulani kwa sababu jina lenyewe sitaliandika. Kwetu magharibi, mwanamke akishazaa huacha kuitwa jina lake. Huwa mama wa kifungua mimba wake hadi siku ya kuzikwa. Na kifungua mimba wa nyumba ile ya Shauri Moyo nilikuwa mimi. Kanisani, Gikomba, kwenye mfereji, kote Mama aliitwa kwa jina langu. Jina alilolitaja Baba halikuwa langu wala la ndugu yangu.

Niseme lilivyonijia: nilidhani mzee ana mke mwingine. Damu ilinipanda. Alifanya kazi ya reli miaka na miaka, akilala kwenye kambi za njiani, na hapo hapo nikaanza kumtafutia huyo mwanamke nyumba. Nikampa ya Mowlem kabisa, mtaa ninaoishi, ili niudhike vizuri. Nilikuwa nimeshafungua mdomo Mama akatoka nyuma ya pazia na kikombe cha maji. "Haya, kunywa," akamwambia, kana kwamba hajawahi kuitwa jina lingine. Kisha akarudi alikotoka, na chai haikuja. Nilipoenda kutazama nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, maziwa yamefurika na kuzima jiko, naye anayatazama tu.

Hivyo ndivyo nilivyojua, mwanamke mzima mwenye mvi, kwamba sikuwa kifungua mimba.

Mama aliniambia kwa maneno machache, akipangusa jiko. Kabla yangu alikuwapo mtoto wa kike. Homa iliwashika wote wawili, yeye na mtoto, wakalazwa. Mtoto akafa wakati Mama hajitambui. Safari ya kumpeleka nyumbani magharibi haikuwezekana, kwa hiyo Baba na rafiki yake mmoja wa reli walimfunga mtoto katika leso, wakachukua jembe, wakaenda kumzika hapa Nairobi. Mama alipotoka hospitali alikuta wanawake wa kanisa wameshaondoa nguo zote ndogo. Wazee walikuwa wameketi na kuagiza kwamba mtoto yule asitajwe tena. Waliamini kuwa mtoto mchanga aliyekufa akitajwatajwa mbele ya mama yake huwafungia njia wenzake walio nyuma. Nilipozaliwa, Mama akapewa jina langu, na la kwanza likafukiwa. Nilirithi cheo cha marehemu bila kuambiwa kwamba kulikuwa na marehemu.

"Na kaburi liko wapi?" nikamuuliza.

"Sikuuliza," akasema. "Baba yenu naye hakusema. Ilikuwa hivyo."

Rafiki yule wa reli alikwisha kufa zamani. Aliyebaki akijua ni mtu mmoja, naye ndiye huyo aliyekuwa mlangoni akiuliza kama leo ni Jumatatu.

Kazi yangu ni kufundisha namna watu wanavyosahau. Chuo chetu kiko ghorofani Jogoo Road, juu ya duka la magodoro, si mbali na mahakama ya Makadara, na kila muhula nawapa wanafunzi wangu wa ualimu swali lilelile: tathmini nadharia za kumbukumbu na kusahau. Nao hujibu vilevile. Kusahau ni kufifia, wanaandika. Alama isipotumiwa huchakaa. Kusahau ni mwingiliano. Jambo moja hulikanyaga jingine. Kusahau ni kukosa kidokezo. Jambo limo ndani, ila mlango wake haupatikani. Kusahau ni kujificha. Akili hulisukuma chini lenye kuumiza. Wanaweka ubora na udhaifu wa kila moja, nami naweka alama kwa wino mwekundu, na mpaka mwaka ule nilikuwa nikilala vizuri.

Ilibidi Baba na Mama waondoke Nairobi. Baba alikuwa ameanza kutoka asubuhi akielekea Gikomba, kwa madai kwamba anakwenda kazini, na watu wa mitumba wakamrudisha wakimshika mkono. Kaka yangu mdogo, fundi wa vyuma anayechomelea madirisha kule jua kali, alisema nyumbani magharibi kila mtu anamjua mzee, hawezi kupotea. Nilikubali. Mama hakukubali.

"Siwezi kuacha mtoto Nairobi," alisema.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Kwetu mtu akizikwa ugenini na asiweze kuhamishwa, udongo wa kaburi lake huchukuliwa na kupelekwa nyumbani, ukafukiwa kwenye boma la baba yake, naye anahesabiwa kuwa amerudi. Mama alitaka gao moja la udongo ule, ujazo wa kiganja tu. Apewe hilo, atapanda gari siku hiyo hiyo.

"Mathe," kaka akamwambia, "si kuna ile ya mgomba? Tunakata gogo la mgomba, tunazika, pasta anaomba, stori inaisha."

"Mgomba ni wa waliopotea," Mama akasema. "Wa waliokufa maji, wa walioenda vita. Wangu hakupotea. Alizikwa, na aliyemzika ni huyu hapa anakula viazi."

Baba aliinua macho kutoka kwenye sahani, akatabasamu kama mtu aliyesifiwa.

Basi nikaanza. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na kiburi kidogo pia, maana nilidhani hatimaye elimu yangu itamfaa mtu wa nyumbani. Karatasi hatukuwa nazo. Makaburini tuliambiwa tulete namba, na namba hatukuwa nayo. Yote ilibaki kwenye kichwa cha Baba.

Nadharia ya kufifia niliitupa mapema. Baba aliweza kukutajia vituo vya reli kutoka Nairobi hadi kwetu, kimoja baada ya kingine, na mahali treni za mvuke zilipotiwa maji, na msimamizi gani alikuwa mlevi. Hayo aliyajua kabla hajamwoa Mama. Kama jambo hufa kwa uzee wake, hayo yangetangulia kufa. Chai aliyokunywa asubuhi ndiyo hakuijua.

Halafu nikamuuliza wazi, Mama akiwa kando. "Baba, yule mtoto wa kwanza mlimzika wapi?"

Alijibu bila kusita. "Karibu na jakaranda, ukiingia mkono wa kulia."

Mama alisimama akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Tulimvalisha suti ya kijivu," Baba akaendelea. "Viatu vikakataa kuingia, miguu ilikuwa imevimba. Nikasema mwacheni aende na soksi."

Mama akakaa tena, kiatu kimoja mkononi.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nakiona tangu utoto wangu. Baba alikuwa mzikaji. Mtu wa kanisa letu akifiwa, Shauri Moyo au Makongeni, na maiti haiwezi kusafirishwa, Baba ndiye aliyeitwa kwenda na jembe. Hakuwahi kukataa. Alitoka zamu ya usiku akaenda kuchimba. Wenzake walimtania kwamba anawajua wafu wengi kuliko mchungaji anavyowajua walio hai. Sasa najua alikuwa akimfanyia nani kazi ile, lakini angalia ilivyomtendea. Kila nilipouliza, aliniletea maiti mwingine. Aliniletea mzee wa suti, mama wa kwaya aliyezikwa kwa mvua, kijana aliyeangukiwa na ukuta. Kila kaburi alilolichimba kwa wema lilikuwa limekalia lile moja. Wanafunzi wangu wakieleza mwingiliano hutoa mfano wa mtu aliyebadilisha namba ya simu. Nilitamani kuwarudishia karatasi zao zote.

Nami mwenyewe sikupona. Wakati huo nilianza kukumbuka kitu. Namwona Baba kwenye mfereji wa pamoja, koti la reli limelowa, anaosha jembe lenye udongo mwekundu na hataki nimkaribie. Nimesimama kwenye ngazi, miguu mitupu, sementi ni baridi. Nilimsimulia Mama kwa shangwe, kwa sababu udongo mwekundu ni kidokezo. Si kila sehemu ya mji ina udongo huo. Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Ulikuwa hujazaliwa," akasema. Nilijua, bila shaka nilijua. Lakini hata leo nikifumba macho ile sementi iko chini ya miguu yangu, na baridi yake naihisi. Sijui niliitoa wapi.

Kilichobaki kilikuwa kidokezo. Nadharia hii nilikuwa nikiipenda kuliko zote, maana ina huruma. Inasema hakuna kilichopotea, mrudishe mtu mahali pake na mambo yatarudi. Kaka alifukua koti la reli kutoka chini ya kitanda. Mama akalianika kutwa nzima. Asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya jua kuwa kali, tukakodi teksi tukaenda makaburi ya umma upande wa pili wa mji, yale yaliyokuwa yakitumiwa na watu wa reli siku hizo. Tulipofika nilimvalisha Baba koti na kumpa jembe.

Ningependa kusema jaribio lile lilishindwa papo hapo. Halikushindwa. Mkono wake ulipogusa mpini, mgongo wake ulinyooka. Yule mzee wa kuburuta miguu alitangulia mbele yetu akipita kati ya misalaba kama mwenye shamba, nasi tukimfuata mbio. Kaka alinishika bega. "Sista," akaninong'oneza, "mzae amerudi."

Akasimama. Hapakuwa na msalaba wala jiwe, nyasi tu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatema mate viganjani na kuanza kuchimba. Alichimba vizuri, kingo zimenyooka, udongo anauweka upande mmoja. Na shimo lenyewe lilikuwa dogo. Lilikuwa la urefu wa mkono wake. Sikumwambia apime hivyo.

Mama alivua viatu akapiga magoti. Alikuwa na leso mpya, aliinunua kwa kazi hiyo, akaitandaza ukingoni. Hakulia. Alikuwa akisema jina lile kwa sauti ya chini, lile ambalo Baba alimwita nalo, analirudia kama mtu anayejaribu meno mapya. Alikuwa ameshachota gao la kwanza Baba alipoweka jembe begani, akatembea hatua chache, akatema mate viganjani, akaanza shimo jingine.

Lilikuwa sawa na la kwanza. Kingo zilezile, urefu uleule. Akalimaliza, akasogea, akaanza la tatu.

Mikono yake ilikumbuka kila kitu isipokuwa mahali. Mlinzi wa makaburi alikuja akitembea haraka, fimbo mkononi, akifoka kwamba hapa hapachimbwi bila kibali. Kisha akaona mashimo yalivyo madogo, akamwona Mama amepiga magoti kwenye la kwanza na kaka amemkumbatia Baba kwa nyuma ili amnyang'anye jembe. Akateremsha fimbo. "Hata mkipajua, Mama," akasema hatimaye, "wa zamani walishazikiwa wengine juu." Alisema kwa upole, na afadhali angefoka.

Mama aliurudisha ule udongo shimoni. Akayafukia mashimo yote kwa mikono yake, akakung'uta leso.

Tulirudi kwa teksi ileile. Baba alilala garini na koti lake. Alipoamka alituuliza kama tumetoka mazishi ya nani.

Mwenzangu mmoja chuoni, mpenzi mkubwa wa ile nadharia ya kujificha, aliponisikia alitikisa kichwa kwa hekima. Akasema mzee amelizika jambo lile kwa sababu lilimuuma mno, na siku akiwa tayari litaibuka. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama uchungu ndio unaofukia, Mama angekuwa hakumbuki hata jina la mtoto. Uchungu haukumfukia Mama kitu hata kimoja. Tangu hapo tunasalimiana kwa mbali.

Mimi ninavyoamini, na hili halitakiwi na mtahini yeyote, jambo hukaa kwa kusimuliwa. Nyumba yetu ilisimulia kila upuuzi. Yule jogoo wa Krismasi aliyetoroka hadi kwenye uwanja wa mpira alisimuliwa kila mwaka, na kila mwaka akakimbia mbali zaidi, na hata leo Baba akianzishiwa atakumalizia. Lile moja halikusimuliwa hata mara moja. Laiti jioni moja tu angesema, nilimweka mahali fulani, nyuma ya kitu fulani, tungekuwa watu wawili wa kulibeba, kisha watatu, kisha wanne. Wazee walimwachia mtu mmoja alishike kimya, kwa kumhurumia Mama, na ili mimi nipate njia ya kuzaliwa. Nina hasira na wazee wale. Wote wamekufa, kwa hiyo hasira nimebaki nayo mimi.

Baada ya makaburini Baba alishuka haraka. Ugonjwa ule wa kusahau hula kuanzia ya jana kurudi nyuma. Ulimla ndugu yangu, akawa "yule fundi". Ukanila mimi, nikawa dada wa hospitali, na akanishukuru kwa adabu kila nilipomlisha. Ukaendelea kurudi nyuma hadi ukapita siku ile ya jembe, ukaimeza nzima, na mazishi yake, na agizo la wazee pamoja nayo. Alasiri moja akamtazama Mama akauliza, "Mama Fulani, mtoto yuko wapi? Mbona hawajatuletea mtoto?"

Mama alikuwa akichambua mboga. "Amelala," akasema.

"Ameshanyonya?"

"Ameshanyonya."

Akatosheka. Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa, na mara nyingine mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana. Nywele zake zikoje? Analia sana? Mama alijibu yote, mboga zikiendelea kuchambuliwa. Nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata nje kwenye kamba ya nguo nikamwambia hii ni kujitonesha kidonda bure, nitazungumza na daktari, kuna dawa za kumtuliza mtu asiulizeulize.

"Mwache aulize," Mama akasema. Alikuwa amenipa mgongo, anabana shuka. "Tangu nitoke hospitali hakuna mtu ameniuliza."

Nikaanza kumpa vibanio, kimoja kimoja.

Siku ya kuondoka ilifika kwa sababu kaka alichoka kusubiri. Alikuja na pikapu ya mwenzake, akapakia kitanda, sufuria, kiti cha Baba. Mama alikuwa ameacha kubisha. Alipanda mbele mwenyewe, akakunja mikono mapajani. Haikuwa kukubali, ilikuwa kuishiwa nguvu. Tukamleta Baba hadi mlangoni mwa gari, akaweka mkono kwenye bati na kugoma.

"Mzae, ingia tuishie," kaka akamsihi. "Jam itatushika."

"Siwezi kuacha mtoto Nairobi," Baba akasema.

Majirani walikuwa wametoka kutuaga. Tulimbembeleza. Tulimdanganya, kila mtu na uongo wake. Kaka alijaribu kumwinua, naye akapiga kelele kwamba anaibiwa mtoto, mpaka watoto wa jirani wakaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ile ya sementi, na katika kichwa changu chote, na miaka yangu yote ya kufundisha, hamkuwa na kitu cha kumpa.

Mama akashuka. Hakumtazama yeyote. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye mtaro ambako tulikuwa tukimwaga maji ya vyombo tangu nipate akili, akainama, akachota udongo. Ulikuwa mweusi, una vipande vya maganda ya viazi. Akautia katika ile leso mpya ya makaburini, akaufunga, akauweka mkono wa kushoto kama mtoto anavyowekwa. Akaja akasimama mbele ya Baba.

"Huyu hapa," akasema.

Baba aliachia bati. Alifunua ncha ya leso kwa kidole kimoja akachungulia ndani kwa muda mrefu, na uso wake ukalegea wote.

"Mfunike uso," akasema. "Kuna vumbi."

Mama alijua udongo ule ameuchota wapi. Akavuta ncha ya leso akaufunika, kisha akapanda gari.